KISIMA KISITANGULIE CHUO



Katika mambo yazungumzwayo mabarazani mwetu, hakuna lichemshalo nyoyo kama khabari ya mafuta na gesi ya bahari yetu. Na ni haki yetu kuizungumza. Mafuta yalitiwa katika orodha ya mambo ya Muungano mwaka 1968, na kwa miaka mingi kila iliposikika sauti ya visiwani ikitaka mali hiyo irejeshwe kwa wenyewe, ilijibiwa kwa kejeli au kwa kimya. Mwaka 2015 sheria zilizopitishwa Bara zikafungua njia, na mwaka 2016 Baraza la Wawakilishi likapitisha sheria yetu wenyewe ya kutafuta na kuchimba. Mwaka 2018 ukatiwa saini mkataba wa kugawana mazao baina ya Serikali na kampuni ya RAK Gas ya Ras al-Khaimah juu ya kitalu cha Pemba na Zanzibar. Mwaka 2024 Serikali ikavinadi vitalu vinane vya baharini kwa wageni wenye mitaji.

Yote hayo ni maneno juu ya mali: ni ya nani, na nani atie saini. Sisi leo twataka kuuliza swali la pili, ambalo halijapata kuulizwa kwa nguvu ile ile. Kazi ni ya nani? Mwenye mnazi asiyejua kukwea hula nazi kwa hisani ya mkwezi, na mkwezi ndiye akataye bei.

Shauri letu twaliweka mbele mapema lisije likafichika. Kabla ya kisima cho chote kuchimbwa katika bahari yetu, kiwepo visiwani chuo cha ufundi wa machimbo na mitambo, chenye karakana, mashine, walimu waliotoka kazini, na vyeti viaminiwavyo na watu wasiotujua. Wala asije mtu akatuambia kwamba chuo kitajengwa baadaye kwa fedha ya mafuta. Hicho kitakuwa kimekuja baada ya karamu, kuosha vyombo.

HESABU YA MUDA

Na tufanye hesabu kama wafanyavyo wenye maduka. Kazi ya mafuta ina misimu, kama ilivyo karafuu. Kwanza huja meli za kupima, zikapiga sauti kwenda chini na kusikiliza mwangwi wa miamba. Kazi hiyo yataka watu wachache, na karibu wote ni wataalamu. Pili huja mtambo wa kuchimba, nao huja na watu wake. Tatu, mafuta yakipatikana ya kutosha, ndipo yajengwapo majukwaa ya baharini, mabomba, matangi na mitambo ya kusafishia. Huo ndio msimu uitao watu wengi: wachomeleaji, mafundi bomba, mafundi umeme, mafundi mitambo, waendesha winchi na wapaka rangi. Nne, mitambo ikishasimama, watu hao hupewa ujira wao wakaenda zao, na hubaki wachache wa kutazama vipimo na kufunga na kufungua vali.

Basi atakaye kuvuna msimu wa tatu hana budi kupanda mapema kabla ya msimu wa kwanza. Kujenga karakana, kuleta mashine na kupata walimu si chini ya miaka miwili. Kumfundisha kijana ufundi mmoja barabara ni miaka mitatu. Kumweka chini ya fundi mkubwa mpaka mkono wake utulie ni mwaka mmoja au miwili zaidi. Jumla ni miaka sita au saba. Chuo kikingoja mafuta yaonekane, kijana wetu wa kwanza atahitimu wakati wajenzi wanafunga mizigo yao. Atakachokikuta ni kazi ya kulinda geti.

Wahenga walisema, kilicho baharini kakingojee ufukoni. Ni maneno ya hekima, lakini hawakusema kakingojee na mikono mitupu.

UFUNDI GANI HUO?

Huenda ndugu msomaji akasema: mbona mafundi tunao? Tunao, na tunawaheshimu. Serikali ina Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, na vituo vyake viko Mwanakwerekwe, Mkokotoni, Makunduchi, na kule Pemba viko Vitongoji na Daya Mtambwe. Huko hufundishwa uashi, useremala, umeme wa majumbani, ufundi bomba, magari na ushoni. Iko vilevile Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia pale Mbweni. Mwaka 2023 kikafunguliwa Bweleo chuo cha Kihindi cha IIT Madras, kinachofundisha sayansi ya takwimu na akili ya mashine. Hatukisemi vibaya hata kimoja katika hivyo. Lakini baina ya fundi wa kutia taa chumbani na mhandisi wa shahada pana nafasi kubwa iliyo wazi, na ndani ya nafasi hiyo ndimo mitambo inamofanyiwa kazi.

Chukua uchomeleaji. Fundi wetu wa mtaani huchomelea geti na dirisha, na kazi yake ni nzuri kwa geti na dirisha. Lakini mchomeleaji wa bomba la gesi hutahiniwa hivi: bomba hufungwa limeinama nyuzi 45, halizungushwi wala haliguswi. Fundi ndiye alizungukaye, achomelee chini yake, ubavuni mwake na juu yake, mpaka mshono umekutana. Kisha mshono ule hupigwa picha ya eksirei, kama upigwavyo mfupa uliovunjika. Ikionekana tundu au ufa uliozidi kiwango, hata kama juu mshono wang'aa kama fedha, kazi imekataliwa. Mtihani huo haujali mtu ni mtoto wa nani.

Au chukua jambo la bahari yenyewe. Kijana wa Mkoani au wa Kojani amezaliwa na maji, na kuogelea hakufundishwa na mtu. Hata hivyo jukwaa la mafuta lililo mbali na pwani halimpokei mfanyakazi ila awe na cheti cha usalama wa baharini. Katika mafunzo hayo mtu hufungwa mkanda ndani ya chombo mfano wa helikopta, chombo kikazamishwa bwawani na kupinduliwa, naye ajitoe mwenyewe. Hufundishwa pia kuzima moto na kujiokoa na hewa yenye sumu. Kijana wetu angeyashinda yote hayo kuliko wageni wengi. Lakini bila ya cheti ataachwa gatini, na ng'ambo ataletwa mtu aliyejifunza kuogelea ukubwani.

WALIOTANGULIA

Hatuombi jambo lisilopata kufanywa. Bara, mwaka 2009, Chemba ya Madini na Nishati, kampuni za migodi na VETA walipatana wakaanzisha mafunzo ya mafundi wa migodini katika chuo cha VETA Moshi. Moshi hakuna mgodi wa dhahabu, lakini palikuwa na karakana na walimu, na hilo lilitosha. Mwanafunzi hukaa kipindi chuoni na kipindi mgodini, akajifunza mitambo mikubwa ya dizeli, umeme, ufundi mitambo na uchomeleaji. Ajifunzacho darasani hukikuta kazini, na asichokijua kazini hurudi nacho darasani. Kampuni nazo huingiza mkono mfukoni, kwa sababu zimejua kwamba kumfundisha mwenyeji ni rahisi kuliko kumlipia mgeni nauli, nyumba na mshahara wa ugenini.

Tazameni vilevile Mtwara. Mwaka 2013 watu wa kule waliinuka kulipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na roho za watu zilipotea. Kilio chao kilikuwa kimoja: mali yatoka kwetu, nasi twabaki na nini? Katika miaka hiyo hiyo kampuni zilizokuwa zikitafuta gesi baharini zilisaidia mafunzo ya VETA Mtwara na Lindi, pamoja na shirika la VSO, ili vijana wapate vyeti vya City and Guilds vya Uingereza. Lilikuwa jambo jema. Lakini zingatieni kwamba hamu ya watu ilikwisha kuwaka kabla vijana hawajawa wengi wenye ufundi. Matumaini yakitangulia ustadi, kati yao huingia hasira, nasi visiwani twajua hasira ya watu hulipiwa kwa damu ya nani.

Na mfano wa tatu watuhusu kwa nasaba. Baina ya 1948 na 1951 kilianzishwa Mombasa chuo cha elimu ya ufundi kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki. Waliochanga fedha ni Aga Khan, Seyyid Khalifa bin Haroub Sultani wa Zanzibar, jumuiya ya Mabohora, na Serikali ya Kiingereza. Fedha ya visiwa hivi basi imo katika kuta zile. Watu wa zama hizo, pamoja na yote yasemwayo juu yao, waliona kwamba Muislamu wa pwani amebaki na kitabu na biashara, na mashine zimekuwa za wengine. Mwaka 1966 chuo kile kikageuzwa jina, mwaka 1972 kikapandishwa kuwa politekiniki, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Twawapongeza jirani zetu. Lakini mafunzo mawili tuyachukue. La kwanza, chuo kilichojengwa ng'ambo hufuata bendera ya ng'ambo. Mipaka ilipobadilika, mchango wa visiwa ulibaki kule. La pili, kila chuo cha ufundi hutamani kuwa chuo kikuu, kama kila karani atamanivyo kiti cha mkubwa wake. Chuo kikipanda, majoho huongezeka na ovaroli hupungua. Chuo tukitakacho kiandikwe katika sheria yake kwamba ni cha mafundi, na kwamba hakitapandishwa daraja lo lote litakaloifunga karakana.

NA MAFUTA YASIPOPATIKANA?

Hili ni swali la mtu mwenye akili, na halifai kukwepwa. Kampuni za Kizungu zilichimba visima Unguja na Pemba katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na hawakupata mafuta ya kufanyia biashara, wakafunga vitu vyao wakaondoka. Yaweza kuwa hivyo tena. Mungu ndiye ajuaye kilicho chini ya mwamba.

Jawabu letu ni kwamba chuo hiki hakitakuwa cha mafuta tu. Mafuta huenda yasitoke, lakini fundi hakosi kazi. Na tukumbuke giza. Umeme wa Unguja huja kwa waya upitao chini ya bahari kutoka Bara hadi Fumba, na waya wa kwanza ulitandazwa mwaka 1980 kwa msaada wa Norway. Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika, tukakaa karibu mwezi mzima. Mwezi wa Disemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu kisiwa kizima kilivuta maji kwa ndoo na kulala kwa taa ya mafuta. Sisi tuketio madukani tulitupa maziwa na samaki, tukauza mishumaa kwa watu ambao watoto wao walikuwa wanajitayarisha kwa mitihani. Na wakati wote huo kisiwa kilingoja vifaa na mafundi kutoka nje. Waya mpya ulikuja mwaka 2013 kwa fedha ya Marekani, na Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010 kwa msaada wa Norway. Twashukuru. Lakini twauliza: vijana wangapi wa visiwani walisimama mkono kwa mkono na wale mafundi, ili siku ya tatu ya giza ikija wajue pa kuanzia? Msemo wetu ni mgeni njoo, mwenyeji apone. Haukusema mgeni njoo kila mwenyeji augapo.

Na machimbo tunayo leo, ingawa hayaitwi migodi. Kila nyumba ijengwayo, kila hoteli na kila barabara hula mawe, kokoto, mchanga na chokaa. Mchanga huchimbwa katika mashamba yaliyokuwa yakitoa muhogo na minazi, na mashimo yakaachwa wazi yakajaa maji ya mvua. Kokoto hupondwa kwa nyundo na kina mama waketio juani na watoto wao ubavuni, bila ya miwani wala kitambaa cha pua. Hiyo nayo ni kazi ya machimbo, na ina ufundi wake: namna ya kukata ukingo wa shimo usiporomoke, namna ya kutumia mashine ya kusagia mawe, namna ya kujikinga na vumbi liharibulo mapafu, na namna ya kulirudishia shamba udongo wake baada ya kuchimba. Fundi mmoja wa machimbo angelifaa shehia nzima. Hata mafuta yasipatikane tone, chuo hiki kingelipa gharama yake kwa mawe tu.

WASEMAO VIJANA WAVIVU

Wako wasemao kwamba vijana wetu hawapendi kazi za mikono, wanataka meza na kalamu. Hili twalisikia hata kwa wazee wa chama chetu. Twasema si kweli. Kijana huikimbia kazi isiyo na heshima wala mshahara, na ni nani asiyeikimbia? Mwonyesheni mchomeleaji mmoja wa visiwani alipwaye kama alipwavyo mgeni, kisha mtazame foleni itakavyokuwa mlangoni mwa chuo.

Wala dini haituachi na udhuru. Nabii Nuhu aliunda safina kwa mkono wake. Nabii Daudi alilainishiwa chuma, akafundishwa kuunda nguo za vita. Na katika Kurani imo sura nzima iitwayo Chuma. Mtu aliyesoma hayo kisha akamdharau mwenye grisi mikononi amesoma kwa macho tu.

Sisi tuliosomea chuoni, juu ya jamvi na mbele ya mwalimu, twaijua njia nyingine ya kufundisha ambayo wizara imeisahau. Mwalimu wa chuoni hakumvusha mtoto kwa kuwa mwaka umekwisha. Alimvusha alipoisoma herufi ikatoka mahali pake. Aliyekosea alirudi nyuma, hata kama baba yake ni tajiri, na siku ya kuhitimu hapakuwa na shaka, kwani kila aliyekuwapo alimsikia kwa masikio yake. Chuo cha ufundi na kiwe hivyo hivyo. Cheti kisitolewe kwa kukaa miaka mitatu. Kitolewe siku mshono ulipopigwa picha ukaonekana salama.

TUNAYOYATAKA

Basi haya ndiyo tuyatakayo, na twawaomba wawakilishi wetu na viongozi wa chama wayachukue kwa uzito ule ule walioyachukulia mambo ya mamlaka na saini.

1. Chuo kijengwe Pemba, na tawi lake liwe Unguja. Wapemba wamechoka kuvuka bahari kutafuta kila kitu, tangu cheti hata daktari. Na kama mafuta yatatoka ubavuni mwao, ufundi na utoke miongoni mwao.

2. Kila mkataba wa mafuta, wa gesi, wa bandari na wa umeme utiwao saini uwe na idadi ya wanafunzi ambao kampuni itawapokea kazini kila mwaka, na idadi hiyo itangazwe hadharani. Ahadi isiyo na namba ni salamu tu.

3. Mlango wa chuo usifunguliwe kwa barua ya sheha wala kwa kadi ya chama, kiwe chama tawala au chama chetu. Uwe mtihani mmoja, na majina ya waliofaulu yabandikwe ukutani pamoja na alama zao, kila mtu ayasome.

4. Wasichana wachukuliwe kama wavulana. Mwanamke awezaye kuponda mawe kutwa juani hawezi kuambiwa kwamba mashine ni nzito kwake.

5. Walimu wawe watu waliofanya kazi migodini, melini na viwandani, hata kama hawana shahada. Na Kiingereza cha kazi kifundishwe tangu siku ya kwanza, kwani maandishi ya hatari juu ya mtambo hayangoji mtu atafute mkalimani.

Kwa upande wetu pia iko kazi, nayo haingoji Serikali. Kila tawi la chama lichukue daftari, lipite nyumba kwa nyumba, liandike: vijana wangapi wamemaliza skuli na wamekaa, wangapi wana ufundi, na ufundi gani, ni wazee gani waliofanya kazi katika meli, karakana au mitambo ya nchi za Ghuba, ambao wangaliweza kufundisha. Daftari hizo zikikusanywa Unguja na Pemba, wawakilishi wetu watasimama barazani na hesabu mkononi, si na kelele. Serikali huzizoea kelele. Hesabu iliyoandikwa na watu wenyewe ni vigumu kuipuuza.

Tulitaka mali ya bahari iwe yetu, na tulikuwa na haki. Lakini mali iliyo chini ya bahari haimtambui mwenyewe kwa bendera wala kwa wimbo. Humfuata yule ajuaye kuitoa. Watoto wetu wakibaki bila ya ujuzi huo, tutakuwa tumeipokonya mali kutoka mkono mmoja wa mbali na kuikabidhi mkono mwingine wa mbali zaidi, nasi tumesimama ufukoni kama walinzi, twahesabu taa za majukwaa ya watu usiku.

Wakubwa wakisema kisima, na tuwajibu kwa sauti moja: chuo kwanza.

Wabillahi taufiki.